Kupunguza Mzigo wa Nyumba Yako kwa Mazingira: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mazungumzo ya umeme, maji na taka za nyumbani yanapoanza. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yenye utata. Si lazima uyasome kwa mpangilio. Pale jibu moja linapogusa jingine, nimekuelekeza.

## Misingi

Nianzie wapi?

Anzia kwenye joto. Vitu vinavyopasha au kupoza ndivyo vinavyokula nishati nyingi nyumbani: jiko, hita ya maji, birika, pasi, friji, kiyoyozi. Vinavyotoa mwanga au sauti tu hula kidogo.

Chukua mfano mmoja. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 100 kunahitaji karibu uniti 0.09 za umeme (uniti moja ni kilowati-saa moja), kabla hujahesabu joto linalopotea hewani. Nishati hiyo ingewasha balbu ya LED ya wati 9 kwa karibu saa kumi. Sasa fikiria mtu anayezunguka vyumba vyote akizima taa, halafu anajaza birika hadi juu kwa ajili ya kikombe kimoja. Anachota maji kwa pakacha.

Baada ya joto, angalia chakula kinachotupwa, kisha maji, kisha taka nyingine. Plastiki ndiyo inayozungumzwa zaidi kwa sababu inaonekana barabarani na mitaroni. Joto halionekani, ndiyo maana linasahaulika.

Juhudi za nyumba moja zina maana yoyote?

Nyumba moja peke yake ni tone. Ila kuna matatizo ambayo chanzo chake kikubwa ni nyumba zenyewe. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani na maduka, migahawa na nyumba za watu, na asilimia 60 ilitoka majumbani. Hapo hatuwezi kumnyooshea kidole mwenye kiwanda.

Kuna mengine yasiyo mikononi mwako: umeme wa gridi unazalishwa kwa nini, taka ulizotenganisha zinaishia wapi. Hayo yapiganie penye vikao na kura, usiyabebe kama hatia jikoni kwako.

Ni lazima ninunue vifaa vipya "rafiki kwa mazingira"?

Hapana, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi. Mtu anaamua kubadilika, na wiki hiyo hiyo anatupa makopo yake yote ya plastiki anunue ya kioo. Makopo yale yalishatengenezwa. Kuyatupa hakurudishi mafuta wala umeme uliotumika. Yatumie hadi yapasuke, na yakipasuka yapandie miche.

Kifaa kipya kina maana pale cha zamani kinapokufa, au kinapokula nishati kupita kiasi kila siku inayopita (tazama swali la friji ya zamani, karibu na mwisho).

## Jikoni: moto

Nishati gani ya kupikia ina madhara kidogo zaidi?

Kwa hewa ya ndani ya nyumba jibu ni rahisi: umeme kwanza, gesi ya pili, na nyingine zinafuata kwa mbali. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 2.1 bado hupikia moto wa wazi au majiko duni ya kuni, mkaa, mabaki ya mazao, samadi na mafuta ya taa. Moshi huo wa majumbani ulihusishwa na vifo takriban milioni 3.2 mwaka 2020.

Mkaa unadanganya macho. Hautoi moshi mwingi jikoni, kwa hiyo unaonekana safi kuliko kuni. Ukweli ni kwamba moshi wake uliachwa kwenye tanuri, na miti pia iliishia huko: tanuri la udongo humeza mara nyingi kilo 5 hadi 10 za mti ili litoe kilo moja ya mkaa. Zaidi ya hapo, mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata likiwa limebaki majivu mekundu.

Gesi ya mtungi inatokana na mafuta ya kisukuku, lakini inaungua safi na haikati mti. Kwa umeme, jiko la indaksheni, lile linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, hufikisha karibu asilimia 85 ya nishati kwenye chakula. Jiko la gesi hufikisha karibu asilimia 40 au pungufu. Zilizobaki zinapasha jikoni na mpishi.

Kama bado unatumia kuni, tumia jiko banifu na kuni kavu. Kuni mbichi hutumia sehemu kubwa ya moto wake kukausha maji yake yenyewe, na ndiyo sababu inatoa moshi mzito.

Nifanyeje nitumie nishati kidogo bila kubadilisha jiko?

Funika sufuria, kisha punguza moto chakula kikishaanza kuchemka. Maji yanayotokota kwa fujo na yanayotokota taratibu yana joto lile lile, karibu nyuzi 100 (pungufu kidogo milimani). Moto wa ziada haupiki haraka zaidi. Unatengeneza mvuke tu. Na mvuke ni ghali: kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji karibu mara saba ya nishati iliyotumika kuyafikisha kwenye mchemko kutoka joto la kawaida.

Mengine ni madogo lakini yanajumlika. Loweka kunde na maharage usiku kucha. Sufuria ilingane na jiko. Ukiona ndimi za moto zinapanda ubavuni, unapasha hewa. Sufuria ya presha hufikisha maji karibu nyuzijoto 120, kwa hiyo chakula kigumu huiva kwa sehemu ndogo tu ya muda wa kawaida. Kati ya vifaa vyote vya jikoni, hicho ndicho ningekinunua kwanza.

Kapu la joto ni nini, na linafanya kazi kweli?

Linafanya kazi. Wazo ni kwamba chakula kikishachemka hakihitaji moto zaidi, kinahitaji tu joto lisitoroke. Unakitoa jikoni kikiwa kinachemka, unakifungia ndani ya kitu kinachozuia joto, na kinaendelea kuiva chenyewe.

Langu ni kapu kuukuu la nguo, mablanketi mawili na mto. Maharage yaliyolowekwa nayachemsha sawasawa kwa dakika 30, naifunika sufuria bila kuifunua tena, naiviringisha blanketi, naitia kapuni, mto juu. Saa tatu baadaye nikifunua, mvuke bado unanipiga usoni. Mara ya kwanza nilishindwa kwa sababu sufuria ilikuwa imejaa robo tu. Chakula kidogo hupoa upesi. Jaza angalau theluthi mbili.

Tahadhari mbili. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko kamili, wala haivunjwi na joto la wastani, kwa hiyo usizipunguze zile dakika 30 za mwanzo. Na chakula chenye nyama kikishapoa hadi kuwa vuguvugu, kirudishe motoni kichemke kabla ya kula.

Maji ya kunywa yachemke kwa dakika ngapi?

Moja. Yakishafika kwenye mchemko wa kweli, mapovu makubwa yakipanda bila kukoma, dakika moja inatosha kuua vijidudu vya magonjwa. Sehemu zilizo juu ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika tatu. Zile dakika kumi au ishirini ambazo wengi wetu tulifundishwa ni mkaa na gesi vinavyopotea bure. Ipua, funika, acha yapoe humo humo.

Kama jua ni kali na maji hayana tope, kuna njia isiyo na moto kabisa: jaza chupa safi ya plastiki isiyo na rangi (PET), isiyozidi lita mbili, uilaze juani kwa saa sita. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, iache siku mbili. Njia zote mbili haziondoi kemikali wala chumvi. Zinaua vijidudu tu.

## Jikoni: chakula na friji

Chakula kinaharibika kabla hatujakila. Tufanye nini?

Kwanza jua ni kipi. Kwa wiki moja andika kila kitu kinachoingia kwenye pipa, na sababu yake. Utashangaa: mara nyingi ni vitu viwili au vitatu vinavyojirudia. Kwangu ilikuwa mboga za majani na kipande cha mwisho cha mkate. Tangu hapo mboga nanunua mara mbili kwa wiki badala ya mara moja, na mkate nusu unaingia kwenye friza siku ile ile.

Vinavyokaribia kuharibika viweke rafu ya mbele, usawa wa macho. Kilichosukumwa nyuma kimeshasahaulika. Vitunguu na viazi vitenganishwe, kwani vikikaa pamoja viazi huchipua mapema. Ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini inayoivisha matunda mengine yaliyo jirani. Itumie gesi hiyo ukitaka parachichi liive, uiepuke usipotaka.

Soma tarehe vizuri. Maneno ya "bora kabla ya" yanahusu ubora: baada ya hapo biskuti zinaweza kuwa laini, lakini zinalika. Maneno ya "tumia kabla ya" yanahusu usalama, hasa nyama, samaki na maziwa. Hayo yaheshimu.

Friji niiweke nyuzi ngapi?

Nyuzijoto 4 kwa friji na hasi 18 kwa friza. Ukishusha zaidi unalipa umeme bila faida.

Kagua mpira wa mlango. Bana karatasi mlangoni, funga, kisha uivute. Ikitoka bila upinzani, hewa baridi inavuja hapo. Mara nyingi ni uchafu tu. Upanguse kwa maji ya sabuni kabla hujafikiria kuubadilisha. Acha nafasi nyuma ya friji ili ipumue, na ukiona barafu ya friza imezidi nusu sentimeta, iyeyushe. Chakula cha moto kiache kipungue joto kwanza, ila kisikae nje zaidi ya saa mbili.

## Umeme na joto la nyumba

Balbu zangu bado nzima. Nibadilishe ziwe za LED?

Kama ni zile za zamani zenye waya unaong'aa, ndiyo, leo. LED hutumia umeme pungufu kwa angalau asilimia 75 na hudumu mara nyingi zaidi. Kama ni zile za mirija iliyojipinda, subiri ziungue zenyewe. Hizo zina zebaki kidogo ndani, kwa hiyo zikivunjika fungua madirisha, toka chumbani kwa dakika chache, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu badala ya ufagio.

Chaja iliyoachwa kwenye soketi inakula umeme?

Kidogo sana. Chaja ya simu ya kisasa isiyo na simu hula chini ya nusu wati. Ichomoe kwa usalama ukitaka, ila usiihesabu kama ushindi.

Televisheni za zamani, visimbuzi na spika kubwa ni habari nyingine. Kifaa kinachovuta wati 5 kikiwa kimezimwa kwa rimoti kitakula uniti 44 kwa mwaka. Vikiwa vitatu, zidisha. Viweke vyote kwenye kebo moja ya upanuzi yenye swichi, uzime swichi usiku.

Nyumba inawaka kwa joto. Kuna njia zaidi ya kiyoyozi?

Zuia jua kabla halijaingia. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, kwa sababu kioo kimeshapitisha joto; kivuli cha nje ndicho chenye nguvu: mti, baraza, chandarua cha kivuli, mmea wa kutambaa upande wa magharibi ambako jua la alasiri linapiga. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha mionzi mingi angani, na dari yenye nafasi ya hewa juu yake hukata sehemu nzuri ya joto linaloshuka.

Usiku hewa ya nje ikishapoa, fungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite. Mchana hewa ya nje ikiwa moto kuliko ya ndani, yafunge. Wengi hufanya kinyume.

Feni hula wati 50 hadi 75 hivi. Kiyoyozi cha chumba huvuta kilowati moja au zaidi. Feni haipozi chumba, inampoza mtu, kwa hiyo izime ukitoka. Ukiwa na vyote viwili, washa feni na upandishe kiyoyozi nyuzi mbili au tatu. Mwili hautaona tofauti.

## Maji na usafi

Bomba linalodondosha linapoteza kiasi gani?

Tone moja kwa sekunde ni matone 86,400 kwa siku, zaidi ya lita 20. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 7,000, na mara nyingi kinachohitajika ni kipete kidogo cha mpira.

Choo huvuja kimyakimya. Tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi lake, ukae nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, kuna uvujaji. Matangi ya zamani humwaga lita 13 au zaidi kila unapovuta. Ya kisasa lita 6, na yenye vitufe viwili lita 3 kwa haja ndogo. Kama tangi lako ni la zamani, tumbukiza chupa ya lita moja iliyojaa maji na kufungwa, na utaokoa lita moja kila mara. Usitie tofali, linamomonyoka na kuharibu valvu.

Ndoo au bafu la mvua?

Ndoo inashinda, na tofauti kubwa ni ya joto kuliko ya maji. Ndoo ya lita 20 ikipashwa kutoka nyuzijoto 25 hadi 40 inahitaji karibu uniti 0.35. Bafu la dakika kumi linalotoa lita 9 kwa dakika linahitaji uniti 1.6 hivi. Dakika nne za bafu si mbaya.

Naweza kumwagilia bustani maji ya kufulia?

Ya suuza, ndiyo. Yamwage ardhini kwenye shina la miti na maua, siku hiyo hiyo. Yakihifadhiwa zaidi ya siku moja hunuka na kuzalisha vijidudu. Usimwagie mboga zinazoliwa mbichi. Maji yenye dawa ya klorini au yaliyofulia nepi yaende kwenye mfereji wa maji taka, na badilisha sehemu unayomwagia ili chumvi za sabuni zisijikusanye.

Maji ya mvua kiasi gani yanaweza kukingwa?

Milimita moja ya mvua kwenye meta moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la meta za mraba 60 na mvua ya milimita 25 ni lita 1,500; toa asilimia 20 kwa upotevu, unabaki na 1,200. Maji ya dakika za kwanza yaache yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uelekeze kwenye tangi. Tangi lifunikwe dhidi ya mbu.

Siki na soda ya kuokea ni mbadala wa kweli wa dawa za kusafishia?

Kila kimoja peke yake, kwa kazi yake. Siki ni asidi, inayeyusha ukoko mweupe wa chokaa kwenye birika na bomba. Soda ya kuokea ni unga laini unaosugua bila kukwaruza na unapunguza harufu. Kuvichanganya, kama video nyingi zinavyoonyesha, ni sinema: vinatoa povu la kaboni dioksidi na kukuachia maji yenye chumvi kidogo. Kila kimoja kimeua nguvu ya mwenzake.

Siki usiitumie kwenye marumaru, italiwa. Na usichanganye kamwe dawa yenye klorini na siki au na kisafishio chochote chenye asidi, maana gesi ya klorini itatoka hapo hapo. Wala usiichanganye dawa hiyo na amonia. Kwa uchafu wa kila siku, sabuni ya kawaida na kitambaa vinatosha karibu kila kitu.

Kufua kwa maji baridi kunatakatisha?

Nguo nyingi, ndiyo. Sehemu kubwa ya nishati ya kufua kwa mashine ni kupasha maji. Acha maji ya moto kwa mashuka ya mgonjwa, nepi na taulo za jikoni. Jaza mashine kabla ya kuiwasha, anika kwenye kamba. Nguo za poliesta na nailoni humwaga nyuzi ndogo za plastiki kila zinapofuliwa, hivyo sweta lililovaliwa mara moja na halijachafuka lipigwe upepo tu.

## Taka

Mboji inatengenezwaje?

Changanya vya kijani na vya kahawia. Vya kijani ni maganda, mabaki ya mboga, majani ya chai, majani mabichi: vina nitrojeni na maji. Vya kahawia ni majani makavu, maranda, karatasi na maboksi yaliyochanwa: vina kaboni. Kwa ujazo, ndoo moja ya kijani kwa ndoo mbili au tatu za kahawia. Unyevu uwe kama sponji uliyoikamua. Pindua kila wiki moja au mbili.

Rundo la meta moja kila upande hupata joto lenyewe na linaweza kupita nyuzijoto 55. Ukichomeka fimbo ya chuma katikati na kuitoa, utaisikia kiganjani. Rundo dogo hupoa na kuchelewa, lakini huoza vilevile. Huna ua? Ndoo yenye matundu, ikiwa na minyoo myekundu, hutosha kwenye kibaraza.

Faida yake si mbolea pekee. Chakula kilichofukiwa dampo bila hewa hutoa methani, gesijoto ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia karibu mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule.

Mboji yangu inanuka na ina nzi. Nimekosea wapi?

Imelowa na haina hewa. Ongeza vya kahawia, pindua, na ufunike kila ganda jipya kwa majani makavu. Nyama, samaki na mafuta visiingie. Ndivyo vinavyoita panya. Ikiwa hainuki lakini haiozi, imekauka au imekosa vya kijani.

Namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye plastiki ina maana kwamba itarejelezwa?

Hapana. Inataja aina ya plastiki tu. Namba 1 (PET, chupa za maji) na 2 (HDPE, madumu na chupa za shampuu) ndizo zenye soko karibu kila mahali. 5 (PP) baadhi ya sehemu. Namba 3, 6 na 7 kwa kawaida hakuna anayezitaka. Kwa makadirio ya OECD (shirika la kiuchumi la nchi zilizoendelea), ni asilimia 9 tu ya taka za plastiki za mwaka 2019 zilizorejelezwa. Kwa hiyo kabla ya kuosha na kutenganisha, uliza anayekusanya kwenu anachukua zipi.

Vifungashio vilivyoandikwa "huoza" huoza kweli?

Inategemea wapi. Plastiki ya PLA, itokanayo na wanga wa mimea, inahitaji mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki nyingi; kwenye rundo lako itakusubiri miaka. Zile zinazodai "kuvunjika zenyewe" juani mara nyingi husagika tu kuwa vipande vidogo usivyoweza kuviokota. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2021.

Mfuko wa kitambaa ni bora kuliko wa plastiki?

Ukiutumia sana. Utafiti wa wakala wa mazingira wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba mfuko wa pamba unahitaji kutumika mara 131 ili athari yake kwa tabianchi ilingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja, kwa sababu ya maji, mbolea na nishati ya kulima na kufuma pamba. Hesabu hiyo haigusi plastiki inayoziba mitaro na kumezwa na mifugo, ambako kitambaa kinashinda wazi. Neno langu: mfuko mmoja au miwili, uishi nayo hadi ichakae. Kumi uliyopewa bure kwenye mikutano ni taka zenye nembo.

Naweza kuchoma taka zangu uani?

Karatasi kavu na majani, ni afadhali uyatie kwenye mboji. Plastiki, usithubutu. PVC (ile plastiki ya namba 3) ikiungua kwa moto mdogo hutoa dioksini, sumu inayokaa mwilini kwa miaka, na majivu yake yakienda bustanini yanarudi mezani. Pale ambapo hakuna anayekusanya taka, chaguo la madhara madogo ni kutenganisha vinavyooza, kuuza vinavyouzika, na kufukia kidogo kinachobaki mbali na kisima.

Betri na simu zilizokufa je?

Zisiingie kwenye pipa wala kwenye moto. Betri za lithiamu zikitobolewa huwaka. Za gari zina risasi na asidi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mafundi wengi na baadhi ya wauzaji huzipokea. Kabla ya hapo, uliza kama betri pekee ikibadilishwa simu itafufuka. Mara nyingi hufufuka.

## Hali zenye utata

Nimepanga, siwezi kugusa nyumba. Nifanye nini?

Karibu kila kitu kilicho hapo juu hakihitaji ruhusa ya mtu: kapu la joto, LED (ukihama hama nazo), chupa kwenye tangi la choo, ndoo ya mboji. Kwa bomba linalovuja na paa, mpe mwenye nyumba hesabu, si malalamiko. "Tunapoteza lita 7,000 kwa mwaka" inasikika kuliko "bomba linanikera".

Friji yangu ya zamani bado inafanya kazi. Niitupe?

Pima kwanza. Chomeka kipimo cha umeme, au soma mita wakati vingine vyote vimezimwa, kwa saa 24. Friji nzuri ya kisasa ya ukubwa wa kawaida hula uniti moja kwa siku au pungufu. Yako ikila mbili na nusu au tatu hata baada ya kusafisha mpira na kuyeyusha barafu, kuibadilisha kuna mantiki. Ikila moja na nusu, ningebaki nayo.

Ukinunua, chagua yenye gesi ya kupozea ya R600a. R134a iliyomo kwenye friji nyingi za zamani hupasha dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko kaboni dioksidi, ndiyo maana gesi za aina yake zinapunguzwa chini ya makubaliano ya kimataifa yaitwayo Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016. Fundi aitoe kwa mashine. Asikate bomba na kuiachia hewani. Na ile kuukuu usiihamishie sebuleni kwa ajili ya soda. Hapo umeongeza friji, hujabadilisha.

Nepi za kitambaa au za kutupa?

Inategemea unavyofua. Kitambaa kikichemshwa, kikifuliwa vichache vichache na kukaushwa kwa mashine hakiachi faida kubwa. Kikifuliwa mzigo uliojaa, kikaanikwa juani, na kurithiwa na mtoto wa pili, kinashinda vizuri. Kama maji ni ya kuchota mbali, au mama ndio kwanza ametoka kujifungua, tumia za kutupa bila kujieleza kwa mtu. Anza kwa kitambaa mchana peke yake.

Wengine nyumbani hawataki kusikia. Nifanyeje?

Usihubiri. Badilisha kile kisichohitaji uamuzi wao: balbu, joto la friji, mahali mabaki ya chakula yanapokaa kwenye rafu. Pipa la vya kahawia na la kijani yaweke pale pale lilipokuwa pipa la zamani. Likiwa hatua tano mbali, halitatumika. Watoto wape kazi ya kusoma mita kila Jumamosi na kuandika namba ukutani. Kwangu aliyekuwa mpinzani mkubwa kuliko wote alianza kufunika sufuria baada ya wiki tatu za namba hizo, na hadi leo anadai ni wazo lake.